Neno Gumu Halina Mwenyeji

Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza haikuandikwa ili kumweleza mtu maana ya maji, mkate au nyumba. Robert Cawdrey, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule katika mji wa Oakham na baadaye kasisi aliyevuliwa wadhifa kwa msimamo wake wa Kipuritani, alichapisha mwaka 1604 kitabu chembamba chenye maneno yapatayo 2,500. Karibu yote aliyachagua kwa sababu moja: Waingereza wengi hawakuyaelewa. Yalikuwa maneno ya Kilatini, Kigiriki na Kifaransa yaliyokwisha kuzoeleka katika mahubiri na vitabu, lakini yaliyompita mtu ambaye hakusoma shule ya Kilatini. Kwenye ukurasa wa mbele Cawdrey aliwataja aliowakusudia: mabibi wa nyumba za heshima na watu wengine wasio na ujuzi. Wasomaji hao walikuwa wageni wa kazi hii kiasi cha kuhitaji kufundishwa hata namna ya kulitafuta neno. Aliwashauri kwanza waikariri abjadi, wajue herufi ipi iko mwanzo, ipi katikati na ipi mwishoni. Maelezo yake ni mafupi mno, mara nyingi neno moja au mawili tu. Maneno ya asili ya Kifaransa aliyawekea alama yake na ya Kigiriki alama yake, huku ya Kilatini yakiachwa bila alama, kana kwamba hayo ndiyo ya kawaida. Waliomfuata, John Bullokar mwaka 1616, Henry Cockeram mwaka 1623 na Thomas Blount mwaka 1656, walishika njia hiyohiyo, na ni hadi mwaka 1702 ndipo ilipotokea kamusi iliyojali pia maneno ya kila siku. Kwa takriban miaka mia moja, basi, kamusi ya Kiingereza ilikuwa orodha ya maneno magumu, na mteja wake alikuwa Mwingereza.

Naanzia huko kwa sababu habari ya kukariri msamiati mzito wa Kiingereza kwa ajili ya mitihani husimuliwa siku hizi kana kwamba ni ugonjwa wa juzi, uliozaliwa Marekani na kusambazwa na wauza tuisheni. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayejiandaa kwa GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili huko Marekani, huonekana na kadi zake mfukoni, upande mmoja ‘laconic’ au ‘obdurate’ na upande wa pili maana yake. Wenzake humcheka kwamba anajaza kichwa ung’eng’e ambao hata Waingereza hawauzungumzi. Wanasema kweli bila kujua uzito wa wanachokisema. Hawauzungumzi, na hawakuwahi kuuzungumza. Neno gumu la Kiingereza halina mwenyeji. Hakuna anayelinyonya pamoja na maziwa ya mama. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu ya lugha ile ambapo mgeni na mwana wa nyumbani huanza safari wakiwa karibu zaidi kuliko mahali pengine popote. Historia ya mitihani ya msamiati ina mabaya mengi, nami sitayaficha, lakini baya lake kuu si kuwapima watu kwa maneno yasiyo ya mtaani. Ni kuyang’oa maneno hayo katika vitabu yalimoota, kisha kuyauza kwa mafungu.

Kwanza tuone Kiingereza kilipataje hali hii, maana si kila lugha inayo. Anayejua kitenzi ‘soma’ katika Kiswahili ameshika mpini wa msomaji, msomi, somo, usomaji na kisomo. Hata asipowahi kulisikia mojawapo, atakisia. Mtoto wa Kiingereza anayejua mwezi kwa jina la ‘moon’ hapati msaada wowote akikutana na ‘lunar’, wala jicho lake, ‘eye’, halimfikishi kwenye ‘ocular’, wala kinywa, ‘mouth’, hakimpi ‘oral’. Neno la nyumbani ni la asili ya Kigermanik, na sifa yake imeazimwa kutoka Roma. Tabaka la Kifaransa liliingia na watawala baada ya mwaka 1066. Tabaka zito zaidi, la Kilatini cha vitabuni, liliingizwa kwa makusudi na watu wa kalamu katika karne ya 16, walipoanza kuandika kwa Kiingereza mambo ambayo zamani yaliandikwa kwa Kilatini. Ugomvi ukazuka. Wapinzani waliyaita maneno hayo ya pembe ya wino, kwa kuwa wino wa siku zile ulitunzwa katika pembe, na neno refu lilikula wino mwingi. Thomas Wilson aliyadhihaki mwaka 1553 katika kitabu chake cha ufasaha. John Cheke, mwalimu wa Kigiriki wa Cambridge, alijaribu kuifasiri Injili ya Mathayo kwa maneno ya kienyeji matupu: akida wa askari mia akamwita ‘hundreder’, ufufuko akauita ‘gainrising’. Msomaji wa Kiswahili anaijua vita hii, ameiona ikipiganwa baina ya televisheni na runinga, kompyuta na tarakilishi. Cheke alishindwa, na sababu ya kushindwa kwake inafaa kukumbukwa: maneno ya Kilatini hayakuja peke yake, yalikuja yamebebwa na vitabu ambavyo watu walitaka kuvisoma.

Matokeo yake ni lugha yenye ghorofa mbili na ngazi isiyoonekana. Ghorofa ya chini huishi kila mtu. Ya juu hupandwa kwa kusoma tu. Pingamizi la kwanza linajitokeza papo hapo: mtoto wa hakimu husikia mezani maneno ambayo mtoto wa mchimba makaa ya mawe hayasikii, kwa hiyo wenyeji wapo, ni matajiri. Nakubali kwa sehemu. Ndiyo maana nimesema karibu zaidi, sikusema sawa. Lakini mazungumzo ya mezani, hata ya hakimu, hayana maneno mengi ya aina hiyo kama watu wanavyodhani. Mtu akiongea hana nafasi ya kuchagua maneno adimu. Anayeandika ndiye mwenye nafasi hiyo. Faida ya mtoto wa hakimu ni rafu ya vitabu iliyo nyuma ya meza, na rafu inaweza kuhamishwa, ikaazimwa, ikawekwa katika maktaba ya mji. Lafudhi ya mama yake haihamishiki.

Kitabu cha Cawdrey kilikuwa mlango wa uani. Wasichana hawakupokelewa katika shule za Kilatini, na fundi mwenye hela kidogo hakuwa na miaka saba ya kumpa mwanawe akariri sarufi ya Kirumi. Orodha iliwapitisha nyuma ya nyumba hadi sebuleni, wakasikia kinachozungumzwa. Hila ilianza upesi. Cockeram aliongeza sehemu iliyofanya kazi kinyume: unatafuta neno la kawaida, unapewa neno la kifahari la kuweka mahali pake, tayari kwa kuvaliwa. Hapo msamiati uligeuka kuwa joho, na wahenga wetu wameshasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Jukwaa la tamthilia lilistawi kwa miaka mingi kwa kuwafunua waliovaa vibaya. Shakespeare alimchora Holofernes, mwalimu anayelewa maneno yake mwenyewe, na Dogberry, mlinzi anayetaka neno kubwa akashika la jirani yake. Richard Sheridan alimleta Bibi Malaprop mwaka 1775, na kosa la kutumia neno kubwa lisilo lake likabaki na jina la bibi huyo hadi leo. Kicheko hicho kinavutia kuchunguzwa. Anayechekwa ni mwanamke, mlinzi, mtu wa chini aliyepanda ngazi, mara chache sana bwana mkubwa. Walioogopa kuona mlango wa uani umefunguliwa walikuwa na sababu ya kucheka kwa nguvu.

Samuel Johnson ndiye aliyeonyesha njia nyingine. Kamusi yake ya mwaka 1755 ilikuwa na vidahizo zaidi ya 42,000, na kilichoitofautisha na zote zilizotangulia ni zaidi ya dondoo 110,000 alizozikusanya kutoka kwa waandishi, ili neno lionekane likifanya kazi katika sentensi ya mtu aliyejua kulitumia. Tofauti kati ya Cawdrey na Johnson ndiyo uti wa mgongo wa habari hii yote. Mmoja anakupa neno na kisawe chake. Mwingine anakupa neno na nyumba yake. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani huko Maryland, ameandika katika tawasifu yake ya mwaka 1845 jinsi alivyolisikia neno la Kiingereza la kukomesha utumwa, ‘abolition’, akiwa bado kijana Baltimore. Aliwaona mabwana wakilitamka kwa hasira, akalitafuta katika kamusi, na kamusi ikamwambia kwamba ni kitendo cha kukomesha, bila kumwambia kinachokomeshwa. Aliogopa kuuliza. Baadaye akapata gazeti lililokuwa na habari ya maombi yaliyopelekwa kutoka kaskazini, yakitaka utumwa ukomeshwe katika Wilaya ya Columbia, na hapo neno likafunguka lote kwa mara moja. Tangu siku hiyo kila walipolitamka alisogea karibu. Miaka mia moja hivi baadaye Malcolm X, akiwa gerezani Massachusetts, aliinakili kamusi kwa mkono kuanzia ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, kwa sababu kila kitabu alichokifungua kilikuwa na mashimo ya maneno asiyoyajua. Wapo wanaoutumia mfano wa Malcolm kutetea orodha na wa Douglass kuipinga. Mimi naona ni mwendo mmoja: Malcolm alinakili kamusi ili arudi kwenye vitabu, naye alirudi, akasoma hadi usiku kwa mwanga wa ukumbini baada ya taa za vyumba kuzimwa.

Mtihani uliingia katika habari hii kwa mlango wa serikali. Uingereza ilipofungua nafasi za utumishi wa India kwa ushindani mwaka 1855, lugha na fasihi ya Kiingereza ilipewa alama 1,500, huku Kisanskriti na Kiarabu, lugha za elimu za nchi iliyokuwa ikitawaliwa, zikipewa 375 kila moja. Mtihani wenyewe ulifanyiwa London tu hadi mwaka 1922, kwa hiyo Mhindi alihitaji nauli ya meli kabla ya kuhitaji msamiati. Hata hivyo Satyendranath Tagore alifaulu mwaka 1863. Marekani ilikuja na kitu kingine kabisa. Tarehe 23 Juni 1926 vijana wapatao 8,000 walikaa kufanya mtihani mpya wa kuingilia vyuo, SAT, wenye maswali 315 ya kujibiwa kwa dakika 97. Ndani yake yalikuwamo maana za maneno, vinyume, na ulinganisho wa jozi: neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi. Hakukuwa na kitabu cha kusomwa kabla. Wala haikukusudiwa kiwepo. Mtungaji wake, Carl Brigham wa Princeton, alitoka katika kazi ya kuwapima askari wa vita vya kwanza vya dunia, na mwaka 1923 alikuwa amechapisha kitabu kinachodai kwamba vipimo vile vinathibitisha ubora wa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwake neno halikuwa kitu kilichosomwa, lilikuwa kipimajoto cha akili aliyozaliwa nayo mtu.

Hapa mpinzani wangu ana silaha kali: je, mtihani uliotoka katika mikono hiyo utawezaje kuitwa rafiki wa mgeni? Jibu la kwanza limetolewa na Brigham mwenyewe, ambaye mwaka 1930 aliandika kuyakana mahitimisho yake kuhusu mataifa na rangi za watu. Jibu la pili lina uzito zaidi, nalo limo katika vitendo vya watahiniwa. Kama neno lingekuwa kipimajoto, lisingefundishika. Stanley Kaplan, kijana wa Brooklyn, alianza kufundisha wanafunzi katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake mwaka 1938, na kuanzia mwaka 1946 akawa anawaandaa kwa SAT, wengi wao watoto wa Kiyahudi ambao vyuo vikuu vya kifahari havikuwa na hamu nao. Wenye mtihani walishikilia kwa miongo kadhaa kwamba mazoezi hayawezi kubadilisha alama. Mwaka 1979 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ilichunguza, ikakuta kwamba mazoezi huziongeza kwa kiasi fulani. Yaani wale waliotungiwa ukuta waligundua kwamba matofali yake yanafundishika. Sifa hiyo hiyo iliyowafanya wenye mtihani waone aibu ndiyo iliyowafaa watoto wa wahamiaji.

Biashara nayo haikulala. Johnson O’Connor, mhandisi aliyeanza kuwapima wafanyakazi katika kiwanda cha General Electric mwaka 1922, aliona kwamba wakuu wa makampuni huwa na msamiati mpana kuliko watu wengine aliowapima, akayaeleza hayo katika jarida la Atlantic Monthly mwaka 1934. Watu walisoma wakaigeuza: ongeza maneno, utapanda cheo. Ni sawa na kuona madaktari wanavaa makoti meupe, ukaenda kununua koti. Wilfred Funk na Norman Lewis walitoa mwaka 1942 kitabu kilichoahidi msamiati wenye nguvu kwa siku 30. Funk akaanzisha mwaka 1945 ukurasa wa chemshabongo ya maneno katika Reader’s Digest, na Lewis akatoa mwaka 1949 kile kinachouzwa hadi leo kwenye meza za vitabu za barabarani huko India. Sivibezi vitabu hivi. Cha Lewis kinafundisha mizizi ya Kilatini na Kigiriki, na anayejua mzizi amerudishiwa ule mpini ambao Kiingereza kilimnyima. Kibaya ni ahadi iliyofungashwa pamoja na neno.

Pingamizi linalotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki liliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong’o mwaka 1986 katika Decolonising the Mind. Anamkumbuka mvulana wa darasa lake la mwaka 1954 aliyepata alama za juu katika kila somo isipokuwa Kiingereza. Kwa kuwa aliangukia hapo, mtihani wote ulihesabiwa kuwa ameanguka, akaishia kuwa utingo wa basi, wakati Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine hazikung’aa hivyo, alipata nafasi katika shule ya upili ya Alliance. Anayesoma ukurasa ule hawezi kuusikiliza utetezi wowote wa Kiingereza bila kushuku, na hapaswi kuacha kushuku. Lakini tuangalie kilichomwangusha. Mvulana hakushindwa na neno zito. Alishindwa na kanuni iliyosema somo moja lina haki ya kuua mengine yote. Kanuni kama hiyo ingekuwa dhuluma hata kama mtihani ungekuwa wa maneno mepesi matupu, na pengine ingekuwa dhuluma kubwa zaidi. Maneno mepesi ya Kiingereza ndiyo yanayomtesa Mswahili. Mwambie mwanafunzi wa Tabora neno ‘tolerate’: ni kuvumilia, basi. Sasa mpe ‘put up with’, maneno matatu ambayo kila moja alilijua tangu darasa la tatu, na yakikaa pamoja yanamaanisha kitu ambacho hakimo katika lolote kati ya hayo matatu. Hakuna mzizi wa kushika. Mwingereza aliyekimbia shule akiwa na miaka 12 analitumia bila kufikiri, na profesa mgeni bado anasita.

Ushahidi wa jambo hili ulitokea mahali ambapo haukutarajiwa. Mwaka 2003 Roy Freedle, mtafiti aliyewahi kufanya kazi katika shirika lililokuwa likiandaa SAT, alichapisha katika Harvard Educational Review ulinganisho wa watahiniwa Weusi na Weupe waliopata jumla sawa. Katika maswali mepesi ya lugha, Weusi walikuwa nyuma. Katika maswali magumu walitangulia. Maelezo yake yanaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kuishi kati ya lahaja mbili: neno la kawaida hubeba maana ya nyumbani, na nyumba zinatofautiana, ilhali neno adimu hutoka darasani na kitabuni, ambako maana yake ni moja kwa wote. Alipingwa vikali, hasa kwa mahesabu yake. Mwaka 2010 Maria Veronica Santelices na Mark Wilson, wakitumia takwimu za wanafunzi wa California katika jarida lilelile, walikuta kwamba katika sehemu ya lugha mwelekeo huo bado unaonekana. Tofauti zenyewe si kubwa, na sitaki kuzijengea ghorofa. Nazitaja kwa kuwa zinakwenda kinyume cha hisia ya wengi, kwamba kurahisisha maneno ni kumhurumia aliye nje.

Kurahisisha ndiko kulikofuata. Vinyume viliondolewa katika SAT mwaka 1994. Mwaka 2001 Richard Atkinson, rais wa Chuo Kikuu cha California, alieleza alivyotembelea shule ya binafsi ya watu wenye uwezo akakuta watoto wa miaka 12 wakitumia saa nyingi kufanya mazoezi ya jozi za maneno. Alitaka mtihani ule uachwe, na jozi zikaondoka mwaka 2005. GRE iliondoa vinyume na jozi mwaka 2011. Mwaka 2016 SAT iliyaaga pia maneno adimu kwa jumla, kwa hoja kwamba mwanafunzi ajifunze yale atakayoyatumia mara kwa mara chuoni na kazini. Atkinson alikuwa na haki kuhusu wale watoto. Jozi ya maneno bila sentensi ni mchezo wa karata, na mwenye saa nyingi za kucheza hushinda. Ila dawa iliyotolewa ilikata mguu ili kuponya kidole. Watu wa George Orwell watanikumbusha insha yake ya mwaka 1946, iliyowaonya waandishi dhidi ya maneno marefu ya Kilatini pale fupi linapotosha. Ushauri mzuri kwa anayeandika. Orwell, hata hivyo, alisoma Eton kwa ufadhili wa watoto hodari wa Kilatini na Kigiriki. Yeye aliyaacha maneno yale akiwa nayo kabatini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Msomaji hachagui maneno ya kitabu alichofungua.

Na kitabu chenyewe hakina huruma. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati kutoka New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji aelewe asilimia 98 ya maneno ya riwaya ya Kiingereza, yaani akwame mara moja tu kila maneno 50, anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, neno na vinyambuliwa vyake vikihesabiwa familia moja. Familia 2,000 za kwanza humfikisha mbali sana, zaidi ya asilimia 80, kisha barabara inakuwa ya mchanga: kila elfu inayofuata inaongeza kidogo na kidogo zaidi. Hapo orodha husaidia, kwa sababu kusubiri ukutane na neno adimu mara za kutosha hadi likukae ni kusubiri mvua ya kiangazi. Lakini fasihi ina mtego ambao orodha haiuoni kabisa, nao ni neno ambalo unaamini unalijua. Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyochapishwa mwaka 1813, kasisi Collins humsifu Lady Catherine bila kuchoka kwa ‘condescension’ yake. Kadi ya mtahiniwa wa leo itasema ni dharau ya mtu anayejiona. Kwa kadi hiyo, Collins anamtukana mlezi wake. Wakati wa Austen neno hilo lilikuwa sifa: mkubwa anayejishusha hadi kwa wadogo bila kulazimishwa. Collins anasifu kwa dhati, na mzaha wa Austen umekaa kwenye unene wa sifa hiyo, katika mtu anayeona fahari kwamba ameshushiwa jicho. Vivyo hivyo ‘candour’, ambayo leo ni kusema kweli waziwazi, katika kinywa cha Elizabeth Bennet wa riwaya hiyohiyo anapomzungumzia dada yake ni moyo wa kuwadhania watu mema. Msomaji wa tenzi za zamani za mwambao amezoea hali hii, hushuka kila mara kwenye sherehe iliyo chini ya ukurasa, na anajua kwamba neno linalomdanganya si lile geni, ni lile linalofanana na la kwao.

Neno gumu halikukaa nje ya mtihani kwa muda mrefu. SAT ilipohamia kwenye kompyuta, nje ya Marekani mwaka 2023 na ndani yake mwaka 2024, lilirudi kimyakimya. Mtahiniwa sasa huonyeshwa kifungu kifupi, cha maneno 25 hadi 150, mara nyingine kimetoka katika riwaya ya karne ya 19, kikiwa na pengo, na chini yake maneno manne ambayo kati yake achague moja la kuliziba. Ni zaidi ya alichopewa bibi wa nyumba ya heshima na Cawdrey mwaka 1604, kisawe kimoja na alama ya Kigiriki. Bado ni pungufu ya kile alichokipata Douglass katika gazeti la Baltimore, maana habari aliyoisoma ilikuwa ikimhusu, na hakuna aliyekuwa amemwekea saa.